Mwaka Ap Kado Alipogeuza Upinde

Kado hakuzaliwa Gangjo. Kwao ni Dobkha, ng'ambo ya mto, na Gangjo alikuja kwa kuoa, maana kule milimani, katika bonde la Paro, mara nyingi mume ndiye anayefunga virago na kuhamia kwa mke. Siku aliyowasili alikuwa na patasi zake za kuchongea mawe, upinde wa mwanzi uliofungwa kwenye gunia, na maneno mengi. Kabla hajanywa kikombe cha kwanza cha chai ya siagi pale ukweni, alikwisha kuwaambia shemeji zake kwamba kijiji chao kilikuwa hakijawahi kuona mpiga mshale, na kwamba kuanzia siku ile kitamwona.

Ubaya ni kwamba ilikuwa kweli. Kwa miaka karibu thelathini hakuna mwaka mpya uliopita bila Kado kusimama kwenye safu ya watu kumi na mmoja wa Gangjo na kuwatia aibu watu wa Dobkha, yaani ndugu zake wa damu. Kule ubao wa shabaha si mpana kuliko kifua cha mtu, na kutoka unaposimama hadi ulipo ni mita mia moja na arobaini. Mgeni akiambiwa atazame ubao huulizia uko wapi. Kado alikuwa akiupiga huku anatafuna tambuu.

Umri ulipomfikisha makamo, wakaanza kumwita Ap Kado, maana Ap ndiyo heshima ya mwanamume mzima, na mkewe Gyem akawa Aum Gyem. Heshima haikumpunguzia majigambo hata chembe.

Jicho lake la kulia liliondoka wakati wa majira ya kuchipua, mchana kweupe, kazini. Alikuwa anatengeneza ngazi za mawe za hekalu la kijiji. Patasi ilishuka kama ilivyoshuka mara maelfu, lakini safari hii jiwe likatema kipande. Kado aliangusha nyundo, akakaa kwenye ngazi aliyokuwa anaichonga, akaweka kiganja usoni. Watu walipomkimbilia walimkuta anatukana jiwe kwa jina la babu yake jiwe.

Walimpeleka mji mkuu, Thimphu, hospitali. Akakaa huko mpaka jeraha likatulia, na daktari wa macho, mwanamke mdogo mwenye miwani mikubwa, akamketisha na kumwambia ukweli.

"Ap, hili la kulia litaona mwanga na kivuli, basi. Sura za watu hutaziona."

"Na la kushoto?"

"La kushoto halina neno lolote."

"Linaona ubao ulio mita mia moja na arobaini?"

Daktari akacheka. "Ap, umesoma mstari wa chini kabisa kwenye ile karatasi ukutani. Mimi nikivua miwani hata karatasi siioni."

"Basi tumemaliza, binti yangu. Asante sana."

Nje, Gyem alikuwa amekaa kwenye benchi na chupa ya chai mapajani. Alikuwa amelia, na alikuwa amenawa uso ili isijulikane.

"Kasema nini?"

"Kasema nianze kupiga kwa mkono wa kushoto."

"Daktari kasema hivyo?"

"Hakutumia maneno hayohayo," alisema Kado, akanyoosha mkono apewe chai.

Sasa, kwa asiyejua upinde, kubadilisha mkono huonekana jambo la kugeuka tu. Kado mwenyewe alidhani hivyo. Siku zote mkono wake wa kushoto ulishika upinde, wa kulia ukavuta ugwe hadi karibu na sikio, na jicho la kulia likalenga. Jicho hilo likifa, upinde unahamia kulia, ugwe unakuja kushoto, jicho la kushoto linachukua kazi. Alipokuwa kitandani hospitali alikwisha kuyapiga mahesabu hayo, akaona ni kazi ya wiki moja, au mbili mvua ikinyesha.

Siku ya kwanza uwanjani hakumwita mtu. Akasimama, akageuka, akavuta. Mkono wa kushoto ulitetemeka kama wa mlevi. Mshale ukatoka, ukaruka kwa mkao wa kuku anayefukuzwa, ukachomeka kwenye majani, mahali ambapo mtoto angeweza kuurusha kwa mkono. Wa pili ulimchapa kwa ugwe ndani ya kiwiko, akaruka. Wa tatu hajui ulikoenda hadi leo.

Aliendelea kiangazi kizima. Asubuhi anachonga mawe, maana kwa patasi jicho moja lilimtosha, na jioni kabla ya chakula yuko uwanjani. Alikuwa haendi mbele. Mishale ilikwenda kulia, kesho kushoto, keshokutwa juu. Mwanzoni mwa vuli, wakati kila paa la Gangjo limeanikwa pilipili na kijiji kizima ni chekundu, mshale wake mmoja uliuacha uwanja kabisa, ukavuka ua, ukajichomeka katikati ya pilipili za jirani yao, mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa bonde la pili.

"Aum Gyem!" sauti ikavuma. "Mwambie mumeo, pilipili zangu tayari zimekufa! Hana haja ya kuziua tena!"

Kijiji kilicheka mpaka usiku. Kado naye alicheka, lakini Gyem, aliyekuwa amelala naye kitanda kimoja miaka thelathini, alijua kwamba kicheko kile kilikuwa kifupi kuliko vyake vya kawaida.

Ndipo Penjor alipokuja. Penjor alikuwa kiongozi wa timu, mtu mpole, mrefu, anayezungukazunguka jambo kabla ya kulisema. Alikunywa chai, akanywa tena, akasifu maapulo, akasifu hali ya hewa.

"Penjor, sema," akasema Kado. "Maapulo yangu yana funza, na hali ya hewa ni mbaya."

"Nilikuwa nafikiri kuhusu mwaka mpya," akasema Penjor. "Tunahitaji mtu wa kusimama ubaoni, kuwaonyesha wapigaji mshale umeangukia wapi. Mtu mwenye uzoefu. Mtu mwenye sauti."

"Nikasimame nipunge mikono kama mtu anayefukuza ndege shambani?"

"Ni kazi ya heshima, Ap."

"Mpe mtu mwenye heshima. Mimi niandikie nafasi ya kupiga."

Penjor akatazama kikombe. "Nitakuja kukutazama mavuno yakiisha. Ukinionyesha kitu, sawa."

"Utakiona," alisema Kado, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameshinda. Penjor alipokwisha kutoka, Gyem aliweka chini kazi yake ya kufuma.

"Utamwonyesha nini?"

"Sijui."

Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kusikika mdomoni mwake ndani ya nyumba ile.

Gyem alikuwa na shoto tangu kuzaliwa. Alikatia mboga kushoto, aliwarushia nyani mawe kwa kushoto pale mahindini, na hakuwa akiwakosa. Zaidi ya yote alikuwa mfumaji. Kule mwanamke hufuma akiwa ameketi sakafuni, nyuzi zimefungwa ukutani upande mmoja na upande wa pili zimefungwa kwenye mkanda unaomzunguka kiunoni. Akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akiinama mbele zinalegea. Alikuwa amemtazama mumewe kupitia dirishani tangu kiangazi, akanyamaza, kwa sababu mambo ya upinde si ya wanawake. Mwanamke hagusi upinde wa mumewe, na usiku wa kuamkia mashindano wanaume hawalali hata chumba kimoja na wake zao. Gyem aliheshimu hayo yote. Lakini hakuna aliyewahi kusema mwanamke asiguse kamba.

Akafunga kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya nyumba.

"Vuta."

Kado akavuta kwa kushoto. Mkono ukatetemeka.

"Unavuta kwa mkono," akasema Gyem. "Mkono wako wa kushoto ni mtoto, hujawahi kuulisha. Mimi ningevuta nyuzi kwa mikono, hadi leo nisingekuwa nimemaliza hata kitambaa cha kufutia pua. Vuta kwa mgongo. Bana mabega nyuma, hapa, kama unataka kuvunja kokwa ngumu katikati yake."

Akamgonga kwa vidole viwili katikati ya mabega. Kado akabana. Kamba ikaja, polepole, bila kutetemeka, na nguzo ikalia.

"Ohoo," akasema Kado.

"Bado. Sasa ule mkono wako wa kulia, unaoshika. Unafanya nini?"

"Unashika tu."

"Haushiki. Unanyonga. Nakuona kutoka dirishani. Kila ukiachia mshale unausukuma upinde pembeni. Miaka yote huo ndio uliokuwa bwana mkubwa, wa kuvuta, wa kupiga nyundo, wa kila kitu. Leo umeambiwa ushike ukae kimya, hautaki. Mkono wako wa kulia haujakubali kustaafu, Kado."

Kado akautazama mkono huo, akaulegeza kidole kimoja kimoja, jambo lililomfurahisha sana Gyem.

Tangu hapo nyumba ikageuka shule. Kijiko, kushoto. Kisu cha kukatia pilipili, kushoto, na pilipili zikakatwa vipande ambavyo hata kuku wangevionea haya. Kado alipaka chokaa ya tambuu kwa kushoto, ikamwishia kidevuni. Wakati wa chakula mkono wa kulia ulipewa kikombe kilichojaa chai hadi ukingoni, kazi yake ikiwa kukishikilia bila kumwaga mpaka mkono wa kushoto umalize sahani nzima ya wali mwekundu na pilipili za jibini. Joho lake, lile gho lao linaloishia magotini, likawa na ramani ya chai kuanzia kifuani hadi mkandani.

"Ukweni niliambiwa naoa mke," alilalamika, "kumbe naingia jeshini."

"Kula, askari."

Lilibaki jambo la kichwa. Jicho la kulia halikuwa linaona, lakini shingo ilikuwa haijapata habari. Kila Kado alipovuta, kichwa kilipinda ili kulipeleka jicho lililokufa juu ya mshale, kama kuku anayesikiliza radi. Mwenyewe hakuhisi. Basi Gyem akaketi dirishani kwenye nyuzi zake, na kila kichwa kilipopinda yeye alilia, "Koo! Kokokoo!" Majirani walidhani kafuga kuku wapya. Kado alitukana, akanyoosha shingo, akavuta tena. "Koo!" Akashusha upinde, akacheka, akanyoosha tena. Mavuno yalipokuwa yanaingia ghalani, sauti ya kuku ilikuwa imepungua, na siku moja akapiga mishale ya jioni nzima bila kuisikia hata mara moja. Alidhani Gyem ametoka. Alipogeuka alimwona dirishani, ameacha kufuma, anamtazama tu.

Penjor alikuja kama alivyoahidi. Alikuja na wapigaji wawili wa timu, wakaenda upande wa ubao, na Kado akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani. Kule watu husimama karibu kabisa na ubao wakati mwenzao anapiga, hatua chache tu, kwa sababu wanamwamini. Walikuwa wakimsimamia Kado karibu hivyo tangu ujana wake. Leo wote watatu walikuwa wamejificha nyuma ya ukuta wa mawe, wanachungulia kama watu wanaotazama dubu.

"Njooni mbele!" akapiga kelele. "Nitapigaje kama sina watu?"

"Tunaona vizuri tu kutoka hapa, Ap!" akajibu Penjor.

Akapiga. Mshale ukaanguka mbele ya ubao, mbali kidogo. Wa pili mbele ya ubao. Akapiga mishale yote aliyokuwa nayo kwenye podo, na hakuna hata mmoja uliogusa ubao. Akatembea kwenda kuiokota, moyo umezama lakini kifua mbele. Alipofika alimkuta Penjor amechuchumaa.

"Mazoezi ya leo yalikuwa ya kupasha moto," akaanza Kado.

"Ap, nyamaza kidogo." Penjor akaonyesha ardhini. Mishale yote ilikuwa imesimama pamoja kama mche wa mpunga, ungeweza kuifunika na kofia. "Imeanguka mahali pabaya. Lakini imeanguka mahali pamoja."

"Ndivyo nilivyokusudia."

"Muongo. Upinde huu una nguvu kiasi gani?"

"Ni wa mwanafunzi. Niliutengeneza kwa ajili ya mkono wa mtoto."

"Mkono si wa mtoto tena," akasema Penjor, akasimama, akijipangusa magoti. "Katafute mwanzi mzito zaidi. Utapiga wa tisa kwenye safu. Ukituaibisha, mimi sikujui."

Kado akachagua mianzi miwili iliyokomaa vizuri, akaichonga kwa moto na kisu, akaunganisha vipande katikati kama ilivyo mila yao, na kuanzia hapo mishale ikaanza kufika.

Mwaka mpya ulipofika, mashindano yalifanyika Dobkha. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Uwanja una ubao kila ncha, na watu hupiga kwenda na kurudi. Hema lilisimamishwa ncha ya juu, upande wa kushoto wa wapigaji, masufuria yanafuka, ara, pombe yao kali, inapita kwenye vikombe ikiwa ya moto, na mbele ya hema, wamevaa nguo zao bora kabisa, wakajipanga wanawake wa Dobkha. Kazi yao ni moja: kumharibia mgeni roho kwa nyimbo na utani hadi mshale umpotee. Na anayewaongoza, mwaka baada ya mwaka, ni Aum Daza, mwanamke mnene, mwenye mashavu mekundu, mdogo wake Kado wa baba mmoja mama mmoja.

Daza alikuwa amemchamba kaka yake miaka yote hiyo bila huruma, na Kado alikuwa hajali, kwa sababu moja ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifikiria. Anayepiga kwa mkono wa kulia akisimama ncha ile ya juu, hema na wanawake vinakuwa mgongoni kwake. Kelele za Daza zilimfikia kama mvua inayopiga bati. Leo zamu yake ilipofika, akaenda kwenye mstari, akageuka upande wake mpya, akainua macho, akamwona dada yake yuko mbele yake uso kwa uso, mikono kiunoni, karibu kiasi cha kumhesabu meno.

Hakuwa amelifikiria hilo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria, hata Gyem.

"Weee!" Daza akapaza sauti, naye pia ameshtuka kwa furaha. "Jamani, tazameni, kaka yangu kavaliwa ndani nje!"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Kaka, mguu huo wa mbele ni wako au umeuazima? Aum Gyem anakulisha nini, mbona tumbo limetangulia kwenda kwenye ubao? Piga kwa tumbo, kaka, litafika kabla ya mshale!"

Kado alivuta huku anajizuia kucheka, akaachia. Mshale ukapita juu ya ubao, ukaenda zake. Kule chini watu wa Gangjo, waliokuwa wamesimama mbali na ubao kuliko walivyosimama kwa mwenzao yeyote, wakainama wote kwa pamoja.

"Angalieni ng'ombe wa ng'ambo!" akaimba Daza.

Ikawa hivyo asubuhi yote. Ncha ya chini, ambako hakukuwa na hema, alipiga vizuri, na mshale mmoja ulitua karibu na ubao kiasi cha kupewa alama. Lakini kila waliporudi juu, macho yake yalimwendea Daza. Na kwa kuwa alikuwa anamwona, alianza kuona mambo. Aliona kwamba Daza alikuwa ameimba kuhusu mguu wake, tumbo lake, joho lake lenye madoa ya chai, upishi wa mkewe, na mkono wake wa kushoto aliouita mkwe mvivu. Kuhusu jicho hakuwa amesema neno. Mwanamke mmoja kijana pembeni yake alianza ubeti: "Mwenye jicho moja..." na Kado akamwona Daza akimchoma kwa kiwiko mbavuni, bila kugeuka, bila kuacha kutabasamu. Kijana akaumeza ubeti.

Kado akashusha upinde.

Miaka yote hakuwahi kuonewa huruma kwenye uwanja ule, na ya dada yake ilikuwa nzito kuliko matusi yote aliyowahi kumpa.

"Daza!" akaita.

Vichwa vikageuka. Mpigaji haongei na wanawake, hupiga.

"Jicho umelisahau?"

Daza akatazama chini, akatazama juu. "Jicho gani, kaka?"

"Usijifanye. Kila kiungo changu umekichamba leo. Hili limekukosea nini likose wimbo? Mimi ni mgeni hapa, nimekuja kupiga. Niimbie wimbo wote, au nenda kakae jikoni, aje anayeweza."

Wazee wa Dobkha wakaguna. Mashavu ya Daza yakazidi wekundu. Kwa muda Kado alidhani atalia, na kwa kweli macho yake yalilowa. Lakini Daza alikuwa binti wa nyumba moja na Kado, na watu wa nyumba ile hawakuwahi kuachia changamoto ipite. Akapangusa uso kwa ukingo wa kikoti chake cha hariri, akapiga hatua moja mbele, akafungua mdomo:

"Jicho moja lastaafu, lanywa chai barazani,
La pili lafanya zamu, lalalamika kazini;
Kaka, waulize ndege: ubao uko mwituni?
Mshale wake ukija, jifungieni nyumbani!"

Vikombe vilimwagika. Watu wa Dobkha walishikana mabega kwa kucheka, watu wa Gangjo walicheka, Penjor aliyekuwa akisubiri zamu yake alijishika magoti. Kado alicheka mpaka machozi yakatoka katika macho yote mawili, lile linaloona na lile lisiloona. Ilibidi asubiri mbavu zitulie. Na zilipotulia, kila kitu mwilini mwake kilikuwa kimetulia pamoja nazo. Mkono wa kulia ulishika upinde kama kikombe. Mabega yakabana. Shingo ikasimama wima. Mbele yake dada yake alikuwa anaruka na kupiga kelele, na hakumsumbua tena. Alikuwa Daza tu, yuleyule, kazini kwake.

Akaachia.

Kwa umbali ule mshale huuoni ukifika. Unawaangalia watu. Kado aliwaona watu wake kule chini wakiukimbilia ubao, halafu mikono yote ikaruka juu, halafu wakaanza kucheza kwa kuzunguka, mguu mmoja hewani, wimbo ukaja ukipanda uwanjani polepole. Ulikuwa ubaoni. Si pembeni, katikati kidogo kushoto.

Penjor akampachika kitambaa cha kijani mkandani, kama anavyostahili anayepiga ubao. "Hongera, Ap. Sasa usiniharibie sikio kwa kujisifu."

"Sisemi kitu," akasema Kado. "Wewe je, umekwisha kuupiga ubao mara ngapi leo kwa mkono wako huo wa kulia?"

Zamu yake iliporudi, aliona kwamba kule chini watu wa Gangjo walikuwa wamesogea. Walisimama hatua chache tu kutoka ubaoni, wanapunga, wanamwita.

Gangjo walishindwa mwaka huo. Siku ya pili jioni Dobkha walikuwa wametangulia kwa alama chache, na hakuna la kufanya, maana wapigaji wao wawili walikuwa wamepata moto usiozimika. Kado alipiga ubao mara nyingine moja tu, na mishale kadhaa iliyokwenda kusikojulikana. Njiani kuelekea hemani alikuwa anawaeleza wenzake kwamba kosa la timu ni moja, kutegemea watu kumi wanaopiga kwa mkono wa kulia.

Daza alimletea sahani ya nyama ya nguruwe na figili, akaketi kando yake, magoti yakigusana.

"Ulinitisha pale," akasema. "Nilidhani umenikasirikia."

"Nilikasirika."

"Kaka, siku waliponiambia kuhusu jicho, sikula siku nzima. Ningeimbaje?"

"Umeimba."

"Nilikuwa nao huo ubeti," akakiri Daza, sauti chini. "Ulinijia nikiwa nakamua ng'ombe, siku nyingi zilizopita. Nikauonea haya, nikauficha."

"Ubeti mzuri namna ile unauficha?" Kado akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwakani usinifichie kitu. Na ule wa tumbo uutoe. Haukuwa na ukweli."

"Ule wa tumbo ndio uliokuwa na ukweli kuliko yote," akasema Daza, akachukua kipande cha nyama kwenye sahani ya kaka yake.

Gyem, aliyekuja pamoja na wanawake wa Gangjo, aliwaona kutoka upande wa pili wa hema, wakinyang'anyana chakula kama watoto, akaendelea kuzungumza na wenzake. Kesho yake nyumbani Kado alimwambia kwamba kichwa hakikupinda hata mara moja, na Gyem akasema ndiyo, aliona.

Mwaka uliofuata Gangjo walishinda, na Kado alipiga ubao zaidi ya mtu mwingine yeyote. Mwaka wa baada ya huo hakuupiga hata mara moja, akalaumu upepo, nao upepo haukuwepo. Daza hajawahi kumficha ubeti tena. Nyingine ni nzuri, nyingine ni za kulazimisha mizani. Ngazi za hekalu alizimalizia mwenyewe, na ile aliyoiachia kazi siku ile iko sawasawa na zingine, huwezi kuitambua. Vijana waliooa Gangjo baadaye hudhani Ap Kado alizaliwa na shoto, naye hawasahihishi, ila anawaambia kwamba wa kushoto wote ni hodari, waangalie mke wake.

Sasa nywele zimekuwa nyeupe, na mwanzi ameupunguza uzito kidogo. Jioni bado yuko uwanjani. Chakula kikiiva Gyem humwita kupitia dirishani, mara ya kwanza kwa upole.

"Kado! Wali unapoa!"

"Mmoja wa mwisho!"

"Huo wa mwisho umeupiga tangu jua halijazama!"

"Ule haukuwa wa mwisho," anajibu Kado, akigeuka upande wake, "ule ulikosa."